Nilihisi Kitu Katika Nyumba ya Makumbusho Yenye Sifa ya Mizuka: Je, Nimpeleke Mwanangu?

*“Mwaka jana nilitembelea nyumba ya kale iliyogeuzwa makumbusho, ambayo watu wengi husema ina mizuka. Sikuwa mtu wa kuamini mambo hayo. Tulipofika chumba cha kulala cha ghorofani, mwongozaji alitueleza kwamba mama mwenye nyumba alifia humo. Papo hapo nilihisi baridi upande mmoja wa mwili, kifua kikabana, na nikaona kama mtu amepita ndani ya kioo kikubwa cha ukutani. Usiku uliofuata, nikiwa nyumbani, niliamka karibu na alfajiri nikashindwa kusogeza hata kidole, na nilikuwa na hakika kwamba kuna mtu amesimama mlangoni. Dada yangu anasema kuna kitu kilinifuata na nisikanyage tena mahali kama pale. Mume wangu anasema ni mawazo yangu tu. Sasa tumealikwa kwenye ziara ya usiku katika nyumba nyingine yenye sifa hiyohiyo, na mwanetu wa miaka 9 anatamani sana kwenda. Kilichonipata kilikuwa nini? Kinaweza kumpata mtoto? Na je, si kuwakosea heshima marehemu, kulipa kiingilio ili kuitazama misiba yao?”*

Pole kwa usiku ule, na pole zaidi kwa miezi uliyokaa na maswali haya kati ya watu wawili unaowapenda wanaokuvuta pande mbili. Nianze na jambo ambalo nadhani unalihitaji kabla ya mengine: ulichokihisi ulikihisi kweli. Kifua kilichobana kilibana, ngozi iliyosisimka ilisisimka, na mtu uliyemwona mlangoni ulimwona kama unavyoona maandishi haya. Mume wako anapokuambia ni mawazo tu, anaacha kueleza jambo lenyewe, kwa sababu mawazo matupu hayabadilishi mapigo ya moyo pasipo mwili kushiriki. Dada yako naye anatoka kwenye hisia ya kweli na kuruka moja kwa moja hadi kwenye sababu, bila kupita katikati, na hapo katikati ndipo penye mambo mengi yanayojulikana.

Kama roho za waliofariki hubaki mahali walipoishi ni suala la imani, na mimi kama mwanasaikolojia ninayeshughulika na hofu na utambuzi sina mamlaka ya kukuamulia. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba mambo yote manne uliyoyataja, yaani baridi, kubanwa kifua, umbo ndani ya kioo na mtu wa mlangoni, yana maelezo yanayofahamika, na hakuna hata moja linalohitaji uwe mgonjwa, mwoga au mwongo.

Tazama kwanza mpangilio wa matukio jinsi ulivyouandika mwenyewe. Hukuhisi baridi kisha ukaambiwa kwamba mtu alifia pale. Uliambiwa, ndipo ukahisi. Mwaka 1997 watafiti wawili, Rense Lange na James Houran, walichapisha jaribio lililofanywa katika jumba la maigizo lililokuwa halitumiki. Watu 22 walipitishwa humo na kuombwa waeleze walichohisi. Nusu yao waliambiwa kwamba jengo lina mizuka, na nusu waliambiwa kwamba linakarabatiwa. Jengo lilikuwa lilelile, lakini walioambiwa kuhusu mizuka waliripoti hisia za ajabu kwa wingi zaidi, za mwili na za moyoni. Hii haimaanishi kwamba walidanganya. Mwili wa binadamu hutoa hisia ndogondogo kila wakati, kama mwasho, ubaridi, moyo kuruka pigo au sikio kuvuma, na kwa kawaida ubongo huzipuuza. Ukiambiwa kwamba mahali ulipo pana hatari, ubongo huacha kupuuza. Hufanya kazi kama mlinzi wa usiku aliyeonywa kwamba wezi wameonekana mtaani: usiku huo hata paka akipita juu ya bati, nyumba nzima itaamshwa, na mlinzi huyo atakuwa ametimiza wajibu wake.

Hofu ikishaanza, mwili wenyewe huongeza ushahidi. Mishipa midogo ya ngozi husinyaa na damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa, hivyo ngozi hupoa kwelikweli na vinyweleo husimama. Pumzi huwa za haraka na za juujuu bila mtu kujua, na kupumua hivyo hupunguza hewa ya kaboni dayoksidi katika damu. Matokeo yake ni kifua kubana, vidole kufa ganzi, kichwa kuwa chepesi na mazingira kuonekana kama ya ndotoni. Mtu asiyejua chanzo chake huogopa zaidi, akapumua haraka zaidi, na mzunguko ukaendelea. Ndiyo maana wengi husema walipata nafuu mara tu walipotoka nje. Huko nje hofu ilipungua na pumzi zikarudi kuwa za kawaida.

Lakini nisiiweke lawama yote kwenye hofu, kwa kuwa nyumba nayo ina sehemu yake, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba kila kitu kimo kichwani mwa mgeni. Richard Wiseman na wenzake waliwachunguza wageni katika kasri la Hampton Court nchini Uingereza na katika vyumba vya chini ya daraja la South Bridge mjini Edinburgh, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2003. Wageni waliripoti mambo ya ajabu zaidi katika sehemu zilezile ambazo tangu zamani zina sifa ya mizuka, na walifanya hivyo hata wale ambao hawakujua sifa hiyo. Watafiti walipolinganisha sehemu hizo na nyingine, walikuta tofauti katika mambo ya kawaida ya mahali, kama vile mwanga na ukubwa wa chumba. Kwa hiyo aliyesema “pale kwenye kona ile pana kitu” huenda alikuwa sahihi kwamba kona ile ni tofauti na nyingine.

Nyumba za kale zina kona nyingi za namna hiyo. Bomba la moshi lisilotumika huendelea kuvuta hewa kutoka chumbani au kuishusha ndani. Madirisha ya zamani huvuja upepo, na milango ya siri ya watumishi iliyofichwa ukutani haizibi vizuri. Hewa ya joto hupanda ngazi huku ya baridi ikiingia chini, na mgeni akisimama mahali inapopita hupigwa na ubaridi upande mmoja tu wa mwili, kama ulivyoeleza. Mbao za sakafu na paa hutanuka mchana na kusinyaa usiku, na hulia zinapofanya hivyo, wakati mwingine moja baada ya nyingine kwa mfuatano unaosikika kama hatua za mtu. Ziara za usiku hufanyika saa hizohizo ambazo nyumba inapoa.

Kuna pia mwanga. Nguo, karatasi na picha za rangi za zamani huharibiwa na mwanga mkali, kwa hiyo wahifadhi huweka taa za vyumba vyenye vitu hivyo zisizidi luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, ilhali ofisi ya kawaida huwa na luksi 300 hadi 500. Macho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza kikamilifu, na ziara haimpi mgeni nusu saa katika chumba kimoja. Katika mwanga hafifu, sehemu ya katikati ya jicho huona vibaya, na kingo za jicho, ambazo ni hodari wa kunasa mwendo lakini dhaifu wa kutambua sura, ndizo hubeba kazi. Ndiyo sababu kilichoonekana “pembeni” hutoweka mtu anapogeuka kukitazama vizuri. Ongeza kioo cha kale ambacho nyuma yake pamechakaa, na watu kadhaa wa kundi lako wanaosogea polepole nyuma yako. Mwaka 2010 Giovanni Caputo wa Italia alieleza jaribio ambamo watu 50 walijitazama katika kioo kwa dakika 10 kwenye chumba chenye mwanga hafifu. Theluthi mbili waliona nyuso zao zikiharibika umbo, na karibu nusu waliona viumbe vya kutisha. Hao walikuwa watu wazima wenye afya, katika chumba kisicho na hadithi yoyote.

Utasoma pia kuhusu sauti nzito mno zisizosikika na kuhusu uga wa sumaku. Ya kwanza ilipata umaarufu mwaka 1998, pale mhandisi Vic Tandy wa Coventry alipoeleza kwamba umbo la kijivu na woga alioupata katika maabara aliyofanyia kazi vilitokana na feni iliyotikisa hewa kwa takriban hezi 19, yaani mitikisiko 19 kwa sekunde. Ni simulizi nzuri na ya mtu mkweli, lakini ningekushauri usiiegemee sana. Chris French na wenzake walipotengeneza chumba maalumu jijini London chenye sauti hizo na uga wa sumaku uliofichwa, wakawaingiza watu 79, wengi walipata hisia za ajabu, lakini hisia hizo hazikutegemea kama mitambo ilikuwa imewashwa au imezimwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009, na yanaashiria kwamba huenda kule kutarajia kulikuwa na nguvu kuliko mitambo.

Sasa tufike usiku ule, kwa sababu naamini ndio unaokusumbua zaidi. Ulichokieleza ni kukabwa na jinamizi, hali ambayo madaktari wa usingizi wanaijua vizuri. Tunapoota ndoto kali, ubongo hulegeza karibu misuli yote isipokuwa ya kupumua na ya macho, ili tusiinuke na kuzitenda ndoto zetu. Mara nyingine fahamu huamka kabla kufuli hilo halijafunguka. Mtu huwa macho, anakiona chumba chake halisi, lakini mwili haumtii, na sehemu ya ubongo inayoota bado inaendelea na kazi juu ya chumba hichohicho. Ubongo unaojikuta umekwama na usiojua sababu hutafuta adui, na mara nyingi humpata: mtu mlangoni, kivuli kando ya kitanda, uzito juu ya kifua. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba takriban watu 8 kati ya 100 wamewahi kupatwa nalo angalau mara moja maishani, na hutokea zaidi karibu na alfajiri, wakati ndoto ni nyingi, kama ilivyokuwa kwako.

Mbona likupate usiku uliofuata ziara, na si mwezi mwingine? Kwa sababu vichochezi vyake vikuu ni usingizi uliokatikakatika, uchovu, wasiwasi na kulala chali, na mtu aliyetoka na hofu kifuani huwa na vitatu vya kwanza kwa pamoja. Hilo ndilo “lililokufuata”: mwili uliochoka na ubongo uliobaki katika ulinzi. Likirudi, usipigane nalo kwa mwili mzima, kwani kushindwa kujitoa huzidisha hofu. Jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu au kupepesa macho, pumua polepole, na ujikumbushe kwamba kwa kawaida huisha ndani ya sekunde chache au dakika chache. Lala ubavu, na lala kwa saa zilezile kila siku. Kama una dua au sala inayokutuliza, isome kabla ya kulala; sioni mgongano wowote kati yake na haya ninayokueleza.

Umeuliza kuhusu heshima, na nimefurahi, maana wengi hawaulizi. Jibu langu ni kwamba kuzuru nyumba si kosa, ila hadithi zinazouzwa ndani yake huwakosea waliofariki mara nyingi kuliko wageni wanavyodhani. Chukua Winchester Mystery House ya San José, California. Wageni huambiwa kwamba mjane Sarah Winchester alijenga usiku na mchana bila kupumzika ili kukimbia roho za waliouawa kwa bunduki za kampuni ya familia ya mumewe. Barua zake zinaonyesha kwamba aliwahi kuwaachisha mafundi wote ili apumzike. Ngazi zake fupifupi zinaeleweka ukijua kwamba aliugua baridi yabisi, na baadhi ya milango na ngazi zisizofika popote zinaeleweka ukijua kwamba tetemeko la ardhi la mwaka 1906 liliangusha mnara na sehemu za juu ambazo hakuzijenga upya. Alifariki mwaka 1922, na mwaka uliofuata nyumba ilikuwa tayari inapokea wageni wa kulipa. Mwanamke aliyempoteza mwanawe mchanga na kisha mumewe, aliyependa ujenzi na kuulipia kwa fedha zake, amegeuzwa kuwa mwendawazimu ili tiketi ziuzike.

Kuna mfano mzito zaidi. Katika Myrtles, nyumba ya shamba kubwa la zamani huko Louisiana, husimuliwa habari za mtumwa aitwaye Chloe aliyeua mama mwenye nyumba na watoto kwa keki yenye sumu. Kumbukumbu za shamba hilo hazionyeshi mtumwa wa jina hilo, na vifo vya familia hiyo vilihusishwa na homa ya manjano. Watu waliotumikishwa hapo kweli, ambao majina yao yangefaa kutajwa, wamefunikwa na mwanamke wa kubuni aliyebebeshwa mauaji ambayo hayakutokea. Inaniuma kila ninapoifikiria. Vilevile zipo nyumba ambamo huzuni ni ya kweli kabisa: katika Whaley House ya San Diego, binti wa familia, Violet, alijiua mwaka 1885. Msiba kama huo unastahili kusimuliwa kwa sauti ya chini na kwa ukweli.

Kwa hiyo mkiwa huko, muulizeni mwongozaji maswali mepesi: hadithi hii ilianza kusimuliwa lini, na imeandikwa wapi? Nani mwingine aliishi humu, nani alipika, nani alifua? Mwongozaji mzuri atafurahi kuulizwa, na mwanao atajifunza kuuliza “tumejuaje?”, swali litakalomfaa hata nje ya makumbusho.

Kuhusu mtoto mwenyewe, mtoto wa miaka 9 kwa kawaida anatofautisha hadithi na uhalisi akiwa sebuleni mchana, lakini tofauti hiyo hudhoofika gizani, akiwa amechoka, na hasa akiona watu wazima wameogopa. Watoto husoma nyuso zetu kabla ya kusikiliza maneno yetu. Kinachoweza kumpata si kitu cha kukaa nyumbani mle na kumfuata. Ni hofu yako wewe, ikiwa utaingia nayo bila kuimaliza. Ndiyo maana, kama ningekuwa nachagua kwa niaba yenu, nisingechagua ziara ya usiku kwa mara ya kwanza. Ningewapeleka mchana, katika ziara ya historia ya nyumba ileile, vyumba vikiwa vinaonekana vyote. Anayetaka kurudi usiku akiwa ameshaijua nyumba atakuwa na ramani kichwani, na hofu hupungua sana mtu anapojua mlango wa kutokea uko wapi. Najua mwaliko umeshatolewa na mwanao atanuna kidogo. Hilo linavumilika.

Mkiamua kwenda usiku hata hivyo, pigeni simu kwanza. Ulizeni umri unaoruhusiwa, kama kuna waigizaji wanaotokea ghafla au sauti zinazopigwa kwa makusudi, na kama mgeni anaweza kutoka katikati ya ziara. Mwambie mtoto mapema kwamba mtatoka wakati wowote akisema, bila kuchekwa, kisha timiza ahadi hiyo hata kama ziara imebaki dakika tano. Akisema ameona kitu, usimkatize kwa “hamna kitu”. Muulize alikiona wapi, kilikuwaje, kisha angalieni pamoja upepo unaingilia wapi na taa iko upande gani. Vifaa vya kupimia uga wa sumaku ambavyo baadhi ya ziara huwakodisha wageni hulia vikikaribia nyaya za umeme zilizomo ukutani au simu iliyo mfukoni. Duara nyeupe zinazotokea kwenye picha mara nyingi ni vumbi lililo karibu na lenzi likimulikwa na taa ya kamera, na mwonyeshe hivyo.

Ndoto mbaya za usiku mmoja au kadhaa baada ya ziara ni jambo la kawaida kwa mtoto. Zikiendelea kwa wiki kadhaa, akikataa kulala peke yake ilhali alikuwa analala, au masomo na chakula vikiathirika, mpeleke kwa mwanasaikolojia wa watoto au mshauri nasaha. Hofu ya namna hiyo hutibika vizuri ikiwahiwa.

Kwako wewe, tukio moja la jinamizi halihitaji daktari. Likijirudia mara kwa mara, hasa kama pia unazidiwa na usingizi mchana hadi kusinzia kazini au njiani, onana na daktari kwa sababu huenda kuna tatizo la usingizi linalopaswa kutibiwa. Kubanwa kifua kunakoendelea baada ya kutulia, kunakosambaa mkononi au tayani, au kunakokuja unapofanya kazi ya nguvu, kapimwe moyo haraka na usikuite hofu kabla ya kipimo. Ukianza kusikia sauti au kuona watu ukiwa macho kabisa mchana, au ikiwa umefiwa karibuni na ziara hizi zimeamsha majonzi usiyoweza kuyabeba, tafuta msaada ana kwa ana wala usingoje.

Mwisho, kama mtalala katika nyumba ya namna hiyo, maana baadhi hupokea wageni wa usiku, ulizeni kama ina king’ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, aliandika habari za familia iliyohamia nyumba ya zamani ikaanza kusikia hatua za watu, kuona maumbo na kuamka kama imekabwa, huku vichwa vikiuma na mimea ya ndani ikinyauka. Tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu na likimwaga gesi hiyo vyumbani, na lilipotengenezwa mambo hayo yote yalikoma. Watu zaidi ya mmoja wakiumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu ndani ya nyumba moja, tokeni nje wote mara moja, piteni hospitali, na msirudi ndani hadi fundi aikague.